Rebo na Lebo

Mimi sipendi kuambiwa kitu hakiwezekani. Nilipoajiriwa kwenye kiwanda cha biskuti hapa Eneo la Viwanda, Thika, ofisi zote zilitumia Windows, na mitambo ya kuchapisha na kufunga paketi iliendeshwa na kompyuta za Linux. Faili zilivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa flashi, mfukoni mwa mtu. Nikasema hapana. Nikachukua seva nne za zamani, nikaziunganisha ziwe stoo moja: ukiweka faili, nakala zake zinagawanywa kwenye mashine tofauti, moja ikifa nyingine zinaendelea na kazi. Katikati nikaweka programu ya kutafsiri, ili mtu wa Windows na mtambo wa Linux wafungue folda ile ile. Meneja wa uzalishaji alisema stoo yangu haitafika Krismasi. Krismasi zimepita mbili. Sikumkumbusha, ila nilimtazama.

Folda iliyotumiwa zaidi ilikuwa ya lebo, yale maandishi yanayochapishwa kwenye paketi. Aliyeyaandika alikuwa mama mmoja wa Kalimoni, mtu mzima, aliyeanza kazi pale kama mpakiaji akapanda hadi akapewa meza. Sote tulimwita Mathe. Sasa Mathe, kama wengi wetu wa huku, ulimi wake haubagui L na R, na anachosema ndicho anachoandika. Kwenye lebo yenyewe hakukosea, maana kila neno alililinganisha na karatasi ya maabara. Lakini jina la faili halina karatasi. Akaandika "rebo-biskuti". Mtambo ulitafuta majina yanayoanza na "lebo", kwa hivyo nikawa nabadilisha yake kimya kimya. Kesho yake anatafuta rebo, haipo, ananipigia simu, akiniita msichana kwa Kikuyu chetu: "Kairitu, stoo yako imekula kazi yangu tena!"

Ningemwambia tu. Lakini meneja alikuwa na tabia ya kumwiga Mathe kwa sauti, vijana wa ofisi wakicheka, na sikutaka apate cha kuongezea. Basi nilipochoka na simu nikatengeneza kiungo, yaani jina la pili linaloelekeza kwenye faili ile ile, kama vile mtu ana jina la nyumbani na jina la shule. Ukifungua rebo, unaletewa lebo. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu ya Linux: nikaandika mstari, nikahifadhi, ukaonekana kwenye faili ya kweli. Safi kabisa. Mathe akaacha kupiga simu, nami nikajiona mjanja.

Kama mwezi mmoja ukapita bila lebo ile kuguswa. Kisha maabara ikaagiza onyo liongezwe, kwa sababu biskuti zile sasa zilitiwa karanga. Mathe akafungua faili, akaongeza onyo, akahifadhi. Mtambo ukachapisha mzigo mzima bila onyo lolote. Mkaguzi wa langoni aligundua kabla lori halijatoka. Hakuna aliyedhurika, lakini mtu asiyepatana na karanga angeweza kufa, na hilo silipunguzi hata kidogo.

Kabla ya chakula cha mchana meneja alikuwa ameshaandika barua. Alituita wote kwenye chumba cha mikutano akaisoma kwa sauti: Mathe hakuongeza onyo, kisha akadanganya kwamba aliongeza, asaini, aende nyumbani.

"Mtu hajui lebo na rebo," akasema, "nitamwachiaje maisha ya watu?"

Kuna waliocheka. Mathe hakushika kalamu. "Niliandika," akasema. "Haki ya Ngai, niliandika na huu mkono wangu." Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka mezani na kutoka.

Niliwaka. "Hiyo barua isiende popote," nikamwambia meneja. "Nipe hadi saa tisa."

"Unalinda stoo yako."

"Nalinda mtu. Stoo itajilinda yenyewe."

Nikaenda kuketi kwenye meza ya Mathe, kwenye Windows yake. Aibu ni kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuketi pale. Nikafungua rebo-biskuti. Onyo lilikuwepo, kwa herufi kubwa: BISKUTI HIZI ZINA KARANGA. Nikafungua lebo-biskuti. Onyo halikuwepo. Haiya! Faili mbili, mahali nilipoacha moja.

Nikatengeneza kiungo kingine cha majaribio, nikakifungua na kukihifadhi kutoka pale pale kwake, nikaona kilichotokea. Programu yake haiandiki juu ya faili ya zamani. Inaandika mpya pembeni, inaondoa ya zamani, kisha inaipa mpya jina lile lile. Ilipoondoa, iliondoa kiungo changu, na rebo ikawa faili inayojitegemea. Mtambo ukaendelea kusoma lebo, ile ya zamani. Mimi nilijaribu upande wangu tu, nikaridhika.

Ningeweza kufuta ile rebo kwa amri moja fupi, na nani angejua? Lakini njia ya mwongo ni fupi. Saa tisa nikawarudia, nikaonyesha faili zote mbili ukutani.

"Kosa ni rangu," nikasema. Ndivyo lilivyotoka, maana nikikasirika ulimi wangu unarudi nyumbani. Niliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka. "Mathe aliandika. Mimi ndiye nilitia kitu katikati bila kukijaribu upande wake. Kama hiyo barua lazima iwe na jina, weka langu."

Meneja akaikunja barua. Akasema basi, yaishe, atamtumia Mathe ujumbe wa kumweleza habari ya zile faili mbili, arudi kazini. Nikarudi zangu Mwiki jioni ile nikitembea kifua mbele.

Asubuhi Mathe alikuja, lakini hakuketi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mikutano, tukiwa wote ndani, akamwambia meneja, "Barua uliisoma mbele ya watu. Na pole uiseme mbele ya watu."

"Mathe, hayo si tumemaliza?"

"Wewe ndiye umemaliza. Mimi bado."

Akangoja. Meneja akasema pole akiangalia meza.

"Sijasikia."

Akaisema tena, safari hii akimwangalia. Mimi nilikuwa nacheka hadi jino la mwisho, wee! Ndipo Mathe akanigeukia.

"Na wewe, kairitu. Umejua tangu lini kwamba naandika hilo jina vibaya?"

"Tangu stoo ianze, Mathe."

"Na nikipiga simu kwamba kazi yangu imepotea, ulikuwa unajua iko wapi?"

"Nilijua. Sikutaka wakucheke."

"Hawa walinicheka nikiwaona. Wewe ulinifanya nidhani nazeeka, nasahau nilipoweka vitu vyangu. Nilikuwa nikienda nyumbani nalia."

Nikasema pole, na sauti haikutoka vizuri, na yeye hakuniambia niirudie. Alikwenda kwenye meza yake, akavuta kiti cha pili, akawasha kompyuta.

"Keti hapo," akasema. "Uniambie yote mengine uliyonirekebishia bila kuniambia."

Nikaketi. Yalikuwa mengi, nikaanza na la kwanza.