Negatifu ya Nkambo

Utotoni nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Papa, ambaye alikuwa mpiga picha pale Nchelenge, kando ya ziwa, alinivumilia. Mama yake, Nkambo wetu, alinipiga kikofi cha mgongoni na kusema, "Mutoto, utauliza mupaka Mungu achoke!" Lakini jambo moja aliniambia bila mimi kuliuliza: mtu akipigwa foto asitokee, ujue kivuli chake kimekwisha kwenda. Mwili unabaki siku chache tu, kisha unakifuata.

Mwaka mmoja mume wa Nkambo alikufa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Papa, alikuwa amebaki Pweto, upande wa Congo, na hakuweza kuvuka ziwa kuja msibani. Akamtuma mchuuzi mmoja wa samaki na maneno haya: kama sitamuona Mama, nitumieni hata foto yake.

Sasa kwetu mjane hatoki nje kuonwa na watu kabla matanga hayajaisha. Nkambo alikataa kusogea hata mlangoni. Ikabidi Papa ampige foto mle mle chumbani, kando ya kadirisha kadogo, na taa ya kamera yake ilikuwa imekufa betri. Filimu ikaishia hapo.

Alipokwisha kuisafisha, mimi ndiye niliyekimbilia kuichungulia kwenye jua. Picha za harusi tuliyoifuata Mununga zilikuwa nzito na nyeusi, kama negatifu inavyotakiwa. Mwishoni palikuwa peupe. Nikapiga kelele, "Papa! Nkambo haiko mu foto!"

Mdomo huu! Nkambo alikuwa chumba cha pili na alisikia yote.

Hakulia. Alisema tu, "Bwana yangu amekuja kunikamata," akajilaza kwenye mkeka akageukia ukuta. Bukari, ugali wetu, tulimpelekea ikapoa. Chisense, dagaa wa ziwani, ambayo alikuwa akiigombania na sisi wajukuu, hakuigusa. Papa alimbembeleza: "Mama, mwanga ulikuwa kidogo tu. Nikupige ingine."

"Mutu akisha kwenda, hamumuiti mara ya pili. Acha."

Siku ya tatu alianza kugawa vitenge vyake. Mimi alinipa kile cha kijani, nami nilijua ni ulimi wangu uliomlaza pale. Nilimfuata Papa nikamuuliza kama kweli Nkambo anakufa.  Papa alitandika kitambaa cheusi mezani, akaiinamisha ile filimu juu yake, akaniambia niangalie kwa upande. Mayo we! Niliona bega. Niliona ukingo wa kichwa, mwembamba sana, ukitokea na kupotea kila nilipopumua.

"Kumbe yuko!"

"Yuko kidogo. Tutamunenepesha."

Alikuwa na chumvi moja ya rangi ya machungwa, aliyopewa na fundi wa picha wa Lubumbashi. Akaichanganya na chumvi ya jikoni na asidi kidogo ya betri, amevaa glavu, na mimi akanifukuza hatua tano nyuma. Kazi ile haihitaji giza, kwa kuwa filimu imekwisha kusafishwa. Kwa hiyo alibeba mabeseni yote hadi chumbani kwa Nkambo, akayapanga chini ya dirisha. Alitaka Nkambo aone kwa macho yake.

Papa akaizamisha filimu. Kile kivuli chembamba kikageuka rangi ya maziwa, kikafifia, kikaisha. Nkambo alikuwa ameinuka kwa kiwiko. "Bon," akasema polepole, "umenimaliza."

"Ngoja, Mama."

Aliisuuza na kuisuuza mpaka umanjano wa ile chumvi ukatoka wote. Nilihesabu ndoo nne, nyingine nilizibeba mwenyewe. Ndipo akaitia katika ile dawa ya kuamsha picha. Tukainama sote watatu. Kwanza hakuna kitu. Halafu uso ukaanza kuja, mweusi, halafu mikono miwili juu ya magoti, na vidole vyote vikahesabika.

"Dawa haiweki mutu mu filimu," Papa alimwambia. "Kama mwanga haukumuandika, hata umwage ziwa lote, hatatokea. Ulikuwa mule, Mama. Tangu siku ile."

Jioni alipomletea picha kwenye karatasi, Nkambo aliisogeza karibu na macho. "Na ule mwanamuke muzee ni nani?" akauliza. Kisha akataka chisense. Foto ilivuka kwenda Pweto, na yeye aliishi miaka ya kutosha kunipa vikofi vingine vingi, ingawa kitenge hakukidai tena.

Siku hizi picha ikitoka giza watu wanaiangaza kwa kidole kwenye simu. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na siku zote nilikisimulia kama siku ambayo Papa, mtu wa dawa na vipimo, aliishinda imani ya mama yake. Mwaka jana nilikisimulia mbele ya Papa, ambaye sasa ni mzee mwenyewe. Akanikatiza.

"Foto za Mama nilipiga mbili," akasema. "Ya kwanza niliijaribu mu dawa asubuhi ile, kabla ya kubeba mabeseni, peke yangu. Joto lilikuwa kali, maji yalikuwa na moto. Ngozi ya filimu, ile inayobeba picha, ikabanduka. Mama akayeyuka mu beseni mbele ya macho yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nilikimbia chumbani kuangalia kama anapumua."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Papa! Na wewe pia?"

"Nilikuwa na mama mumoja tu," akasema.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku hiyo. Imani ya Nkambo ilikuwa ndani ya Papa pia, nzima, na bado aliyabeba yale mabeseni mpaka kando ya mkeka wake. Alikuwa amebakiwa na kipande kimoja tu, akakizamisha huku mama yake anaangalia. Mimi ninayejua majibu ya maswali mengi, sijui kama mkono wangu ungekiachia kipande kile ndani ya beseni.