Fundi Aliyerudi Kutoka Mzimba

Shem Wekesa alirudi nyumbani Uthiru baada ya mwaka mzima Malawi, na hakuweza kutulia. Kabla hakujapambazuka alikuwa tayari amevaa viatu. Kila alipokula, aliinuka katikati ya chakula, akazunguka nyumba, kisha akarudi asiseme alikuwa anatafuta nini.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kibanda chake kilikuwa Kangemi. Shirika moja la kujitolea lilikuwa limempeleka Mzimba, wilaya ya huko Malawi, kufundisha vijana kutengeneza milango na madirisha, wasitegemee tena mafundi wa mbali. Huko walimwita mwalimu. Huku, mkewe Nanjala ndiye aliyeendesha kibanda. Alikuwa ameajiri fundi, mwanamke aitwaye Kavata, akaachana na mageti makubwa na kushika vitanda vya shule. Wateja walimsalimia Shem vizuri, halafu wakamgeukia Nanjala kuuliza bei.

Siku moja Nanjala alimtuma mjini, River Road, kununua bawaba. Akiwa njiani alimpigia simu Limbani, mmoja wa wanafunzi wake wa Mzimba.

"Mwalimu, milango tumeiacha," Limbani alimwambia. "Watu hapa wanataka mikokoteni ya ng'ombe."

"Nani aliwafundisha mikokoteni? Mimi mwenyewe siijui."

"Hakuna. Tuliharibu miwili kwanza."

Shem alifurahi, akawapongeza. Lakini alipokata simu miguu ilikataa kutulia. Alipanda River Road akashuka, akapita maduka ya vyuma na ya uchapishaji, huku akijiuliza ni wapi ambapo akikosekana watu wangeona pengo lake. Alifika Kangemi bila bawaba.

"Nataka kuomba nafasi tena," alimwambia Nanjala. "Nchi yoyote."

Nanjala aliweka chini kipimo alichokuwa ameshika. "Baba Quincy, kaa kwanza. Shirika lenu lilikuwa linatafuta mtu wa kufundisha akina mama biashara, Zambia. Niliomba. Jana walinikubali."

Shem hakukaa. "Na hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Tangu urudi uko hapa, lakini hujafika."

"Mimi nilikuacha na kila kitu, Mama Quincy. Najua ulivumilia kunisubiri."

"Sikusubiri. Nilifanya kazi, na nikaipenda. Sasa nataka kuona kama naweza kumfundisha mtu mwingine."

Shem alitoka hadi barabarani. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: nani angebaki na kibanda.

"Wewe," Nanjala alisema. "Kavata atakuonyesha tunavyofanya siku hizi."

Nanjala aliondoka mwezi uliofuata. Asubuhi iliyofuata Shem alifungua kibanda mapema mno, akapanga vyuma, akavipangua. Kavata alipofika alimkuta amesimama katikati, mikono haina kazi.

"Nianzie wapi?" Shem akamuuliza.

Kavata alimpa brashi ya waya na fremu ya kitanda iliyoshika kutu. Shem akainama, akaanza kusugua, haraka kuliko ilivyohitajika.