Mama Chafya na Kontena la Kwanza

Mtaani walimwita Mama Chafya, na hawakumsingizia. Pilipili kichaa ilikuwa imemwingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye mikunjo ya vidole. Ukipeana naye mkono halafu ukajisahau ukajikuna jicho, siku hiyo utalia bila kufiwa.

Kazi hiyo aliianza akiwa mke wa mtu. Mume wake alikuwa amechapisha kadi akajiandika Mkurugenzi, na tangu siku hiyo yeye naye akawa anamwita hivyo hivyo, hata chumbani. Walifanya biashara ya pilipili pamoja kama vile mkulima na ng'ombe wanavyolima pamoja. Yeye alianika, akachambua, akatoa vikonyo, akashindilia magunia. Mkurugenzi alipaka viatu dawa, akaenda kuonana na wanunuzi. Karatasi zote ziliandikwa kwa jina la mume, maana mke hakusoma, na aliambiwa kwamba asiyejua kusoma karatasi ataifanyia nini.

Kisha akaja mke mdogo, anayekohoa ukimpitishia gunia mbele yake. Mkurugenzi akamwita mkewe wa ujana sebuleni, akamwambia bila kupepesa macho, "Usijisumbue kudai chochote. Wewe humu ulikuwa mfanyakazi, na mfanyakazi huachishwa."

Akatoka na nguo zake na kifua kilichozoea vumbi la pilipili. Wapo wanawake ambao wangekaa chini walie. Yeye naye alilia, tusidanganyane, lakini alilia huku anatafuta ghala.

Ghala alilolipata lilikuwa stoo ya vipuri vya magari. Sakafu imelewa oili, kuta nyeusi kama sufuria. Alisugua kwa sabuni mpaka magoti yakachubuka, akapaka chokaa, akapigilia vichanja vya wavu wa kuku ili pilipili zipate hewa juu na chini. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akifunga naye pilipili za sokoni miaka yote, akaja na wanawake wenzake kumsaidia kuchambua. Safari hii leseni iliandikwa jina lake yeye na la baba yake mzazi, na magunia yakapigwa chapa ya jina hilo hilo. Kusoma hajui, lakini umbo la jina lake alilijua kama anavyoijua sura ya mwanawe.

Afisa masoko wa ushirika wa wakulima ndiye aliyemtumia sampuli mnunuzi wa ng'ambo, mwenye kiwanda cha kusaga viungo. Jibu lilipokuja, Mama Chafya alimwita binti yake, anayeuza kwenye duka la dawa, amsomee. Mnunuzi alisema rangi ameipenda, ukali ameupenda, alete kontena moja. Likifika likiwa sawa na sampuli, wataendelea naye. Lisipokuwa sawa, watarudi kwa yule waliyekuwa wakinunua kwake.

Huyo waliyekuwa wakinunua kwake ni Mkurugenzi.

Basi kila kitu kikaning'inia kwenye kontena hilo. Likikubaliwa, yeye ni mfanyabiashara wa nje mwenye jina lake. Likikataliwa, anarudi sokoni kupima pilipili kwa kijiko, na maneno ya sebuleni yatakuwa yamesimama.

Wiki nzima ya kuanika ilikwenda vizuri. Ukishika konzi ya pilipili ukaitikisa, zinalia kama njuga. Magunia yakajazwa jioni yeye akiwa kwa wakala wa forodha, na asubuhi yake mkaguzi wa mazao akaja. Alichomeka kipima unyevu kwenye gunia la kwanza, akakisoma. Akachomeka la pili. Akalifungua la tatu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, hizi zina maji."

"Haiwezekani. Jana zilikuwa zinalia."

"Leo zimenyamaza. Shika mwenyewe."

Akashika. Zilikuwa laini, zinakunjika kama ngozi ya mkanda. Akageuka polepole akamtazama dada yake.

"Dada, jana mlifanya nini?"

"Kama siku zote. Tulizinyunyizia maji kidogo zisivunjike, na zisituchome pua tukishindilia. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni yeye. Miaka yote ndivyo walivyofunga pilipili za sokoni. Zinanyunyiziwa, zinashindiliwa, zinauzwa, zinaliwa kabla hazijapata nafasi ya kuoza. Lakini pilipili ya kontena inafungiwa gizani, inapita baharini, na maji yale kidogo yanageuka ukungu mweupe unaotembea gunia hadi gunia. Yeye alilijua hilo tangu enzi za makontena ya Mkurugenzi. Alichosahau ni kulisema, kwa kuwa mtu hakumbuki kukataza jambo ambalo mikono inalifanya yenyewe.

"Siwezi kuzipitisha," mkaguzi alisema. "Lori la kontena linakuja kesho jioni. Zikikauka kabla ya hapo, niite." Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma.

Hajafika mbali, wifi akaingia, leso puani. Huyu ni dada wa Mkurugenzi, nyumba yake inatazamana na ghala, na dirisha lake halijawahi kufungwa.

"Wifi yangu, pole. Nimesikia."

"Umesikiaje, na mkaguzi hata kona hajakata?"

"Nilikuwa napita."

"Kutoka kitandani kwenda dirishani."

Wifi hakujali. "Kaka nimempigia simu. Anasema anazichukua zote, hivyo hivyo zilivyo. Ana kontena lake, atazichanganya na zake. Wewe utapata chako, ila jina litakuwa la kwake."

"Jina tu."

"Kwani jina linaliwa? Pumzika, wifi. Umri huu wenzako wanalea wajukuu."

"Wenzangu wepi? Mwenzangu aliyeko kwa kaka yako sijaona akilea mjukuu."

Wifi alicheka kabla hajajizuia, kisha akaukunja uso. "Ulimi huo ndio uliokutoa kwa kaka."

"Kilichonitoa kwa kaka yako nakijua. Kina kiuno chembamba."

Dada yake alikuwa anatokwa na machozi, na safari hii pilipili haikuhusika. Neno moja tu la kukubali, na mzigo wote ungemtoka mabegani. Akayatazama magunia, na kila gunia lilikuwa na umbo lile analolijua.

"Mwambie hapana. Afadhali nizimwage barabarani, mtaa mzima upige chafya kwa jina langu."

Sasa tatizo likabaki moja, mahali pa kuanika. Vichanja vyake vilibeba sehemu ndogo tu, na zote zilitakiwa zikauke kwa pamoja. Alitoka nje kutafuta pumzi, jua likampiga usoni kutoka juu ya bati la fundi gereji. Akatazama bati la kinyozi. Akatazama la fundi cherehani. Mtaa mzima ulikuwa unawaka.

Akaanza na kinyozi.

"Mama Chafya, mteja akipiga chafya nimeshika wembe, sikio lake litabaki kwangu."

"Basi leo nyoa wenye masikio makubwa."

Kinyozi akakubali. Fundi gereji naye alilalama kwamba hatapumua. Akaambiwa aliyekula moshi wa magari ujana wake wote hauawi na pilipili. Akaleta ngazi mwenyewe. Maturubai safi yakatandikwa juu ya mabati, wanawake wakapanda wamejifunga vitambaa usoni, pilipili zikapandishwa kwa ndoo. Kufika mchana mtaa ulikuwa mwekundu juu na unapiga chafya chini. Wapita njia walivuka upande wa pili, huko nako wakakutana na paa la fundi cherehani.

Yalikuwa yamebaki magunia ambayo hayakupata paa. Wifi akatokea mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Na bati langu huliombi? Au lina ukoo?"

"Kaka yako atasemaje?"

"Kaka? Miaka yote nampelekea habari zako, hata asante hajanipa. Pandisheni, kabla sijabadili nia."

Wakapandisha. Mchana wote walizigeuza kwa reki za mbao, jioni wakazianua zisipate umande, kesho yake wakaanza upya. Wakati wa kufunga, dada mkubwa alilikaba bomba la maji kwa kamba, akaweka stuli mbele yake, akakaa. Kila aliyesogea aliulizwa anataka nini. Walishindilia pilipili kavu, wakachomwa pua, wakalia makamasi, na hakuna aliyegusa tone.

Mkaguzi alipima gunia baada ya gunia, akipiga chafya katikati. Mwisho akakifuta kipimo chake.

"Zimepita, mama. Zote."

Lori lilikuwa limeshageuza. Magunia yakaingia, milango ya kontena ikafungwa, wakala akabana sili mpaka ikalia. Akauliza msafirishaji ni nani, aandike. Mama Chafya alilitaja jina lake lote, taratibu, na la baba yake, kisha akasimama pale mpaka akaliona lile umbo limeandikwa.

Meli ilikwenda. Ujumbe wa mnunuzi ulipokuja, binti alifunga duka la dawa mchana kweupe akakimbilia ghalani. Mzigo umefika salama, ni sawa na sampuli. Safari ijayo wanataka makontena mawili, na wangependa kununua kwake peke yake.

Wanawake wakaacha kuchambua. Dada mkubwa akaketi juu ya gunia akajifunika uso kwa mikono. Mama Chafya yeye hakuketi. Alikuwa amekiona kivuli cha mtu nje ya mlango, na leso.

"Soma tena, mwanangu, kwa sauti. Shangazi yako yuko nje, asije akapeleka nusu."

Binti akasoma tena. Wifi akachungulia, hana hata aibu.

"Kwa hiyo nimpelekee yote?"

"Yote. Na hilo la kununua kwangu peke yangu, anza nalo."