Kikombe cha Shahidi

Kila alipopika chai, shangazi alimimina kikombe kimoja kabla ya kutia sukari, akakiweka pembeni na kukiita shahidi. Wengine wakishamaliza vyao, yeye alikunywa hicho, kimepoa.

"Bila shahidi," alisema, "utajuaje sukari imefanya nini?"

Mpwa wake alikua akiucheka utani huo, hadi naye akaja kufanya utafiti katika maabara ileile ambamo shangazi alikuwa ameosha chupa na kupima dawa kwa miaka thelathini na mmoja.

Walitafuta dawa ya kuzuia protini zisiingie ndani ya mitokondria, vile vijumba vinavyoipa seli nguvu. Ukiweza kuufunga mlango wa vijumba hivyo, utajua unavyofunguka. Mpwa alihangaika na seli za hamira miaka minne, dawa baada ya dawa, na zote zikagoma. Ya kumi na tisa ikafunga. Protini zote zilibaki nje, ilhali katika seli za shahidi, zisizotiwa dawa, ziliingia kama kawaida. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Majibu hayo yangemwokoa.

Shangazi, ambaye siku hizo alipanda ngazi kwa kupumzika mara mbili, aliinamia daftari.

"Dawa umeiyeyusha kwa kitu gani?"

"Spiriti."

"Na shahidi umempa nini?"

"Maji."

"Basi huyu kanywa maji, mwenzake kanywa spiriti. Halafu unaisingizia dawa?"

"Shangazi, hebu kaoshe chupa zako!"

Shangazi akafungua bomba, akaosha chupa zake.

Jumamosi mpwa alirudia jaribio peke yake. Spiriti tupu, bila tone la dawa, iliufunga mlango vilevile. Matumaini yake yakaenda na maji. Jumatatu alifika mapema kuomba radhi, akaambiwa shangazi amelazwa, moyo umechoka.

Alimkuta wodini mchana, miguu imevimba, midomo imekauka. Akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja, akakiweka pembeni kama alivyofunzwa. Radhi hakuiomba, alijiambia ataiomba kesho, na alfajiri simu ya wodini ikalia. Lakini mchana ule shangazi alikitazama kile kikombe kwa kitambo, akatabasamu, akamwambia:

"Tia sukari tu, mwanangu. Leo hatupimi kitu."