Piko Kichwani

Juzi nilikaa karibu na bibi harusi anayepambwa, nikasikia harufu ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, na kichwa kikaanza kuniwasha. Hakuna aliyenigusa. Ngozi ilikumbuka kabla yangu.

Nilizaliwa na nywele nyekundu, rangi ya udongo wa kwetu Moshi, ingawa mimi nilikulia Kariakoo. Tulikaa chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, na kwa mbele baba alikuwa na kiduka cha maharage. Miaka hiyo ya Ujamaa kuta za kliniki zilijaa picha za kutufundisha kula. Moja ilikuwa ya mtoto mwenye kwashakoo: miguu imevimba, uso umenuna, nywele nyekundu. Sikujua kusoma, lakini nywele zile nilizijua. Nilikuwa na miaka sita na niliamini ninakufa. Sikumwambia mtu.

Mama alikuwa na lake. Kwenye foleni ya unga wanawake walisema bila hata kushusha sauti, "Duka limejaa maharage, mtoto ana kwashakoo!" Basi kila ilipokaribia siku ya kumpeleka mdogo wangu kupimwa uzito, mama alinikalisha uani, akachukua kibakuli cha bati na mswaki mkuukuu, akanipaka piko kichwa kizima. Liliwasha kama upupu. Yeye mwenyewe hakuvua kitambaa cha kichwani, hata wakati wa kulala.

Siku moja pale kliniki nikamwamkia nesi, Bi Mwanahawa.

"Marahaba. Nani kakupaka lami, mwanangu?"

Akazitenganisha nywele zangu. Chini, karibu na ngozi, wekundu ulikuwa umeshachomoza. Nikaangua kilio, nikamwuliza nitakufa lini. Mama akainamisha uso.

Bi Mwanahawa hakucheka. Alizivuta nywele zangu, hazikutoka. Akanibonyeza mguu, shimo halikubaki. "Nywele za kwashakoo zinanyofoka," akasema. "Zako zimeshika. Huumwi." Kisha akawaita watoto wa benchi zima, maana alipenda kufundisha kuliko kupima, na akaniuliza baba anauza nini.

"Maharage."

"Haya, sikilizeni. Kila unywele una kishimo chake ndani ya ngozi. Humo ndimo rangi inatiwa, unywele ukiwa bado unaota. Rangi ziko mbili tu, nyeusi na nyekundu, na kila mtu kapimiwa mchanganyiko wake, kama maharage dukani. Wengi wetu tumepimiwa nyeusi tele. Wewe Manka, nyekundu yako imezidi kidogo."

"Na bibi yangu mwenye mvi?" akauliza mtoto mmoja.

"Huyo mpimaji wake kachoka, hatii kitu tena."

"Na piko?" nikauliza.

"Unapaka unywele uliokwisha kuota. Kule kishimoni hawana habari."

"Sasa mimi nani kanipimia?"

"Wazazi wako. Baba na mama."

Akamtazama mama. Mama akakivuta kitambaa mbele kidogo.

Nilirudi nyumbani nikirukaruka, nikala sahani mbili za maharage, nikalala fofofo. Mama hakunipaka tena. Ila kibakuli hakukitupa, na mimi sikuuliza.

Miaka mingi baadaye nilijifungua binti, kichwa kizima chekundu. Niliogopa mama atasema nini. Alimpakata, akamtazama kitambo, halafu akafungua kitambaa chake mbele yangu kwa mara ya kwanza. Piko lilikuwa limefifia. Kwenye mashina, katikati ya mvi, palikuwa na wekundu wangu.

"Mimi waliniita Kutu," alisema. "Mpaka naolewa, Kutu. Sikutaka na wewe wakuite."

Muda wote ule nilidhani ananionea aibu. Nililia, sikujizuia. Ndipo nikaukumbuka ule mswaki: siku ya kwanza kabisa aliponipaka, ulikuwa tayari mweusi.