Barua Tuliyomwandikia Mwimbaji Mpya

Miaka ile ya kujitegemea nilikuwa karani wa ghala kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na Jumapili nilikuwa katibu. Siku hizo karibu kila mtu alikuwa katibu wa kitu fulani. Mimi nilikuwa katibu wa washabiki wa bendi: watu saba wa Kirumba, Mwanza, tuliokutana baada ya kanisa kwenye kibaraza cha fundi cherehani mmoja, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti kwa sababu kibaraza kilikuwa chake na gramafoni ilikuwa yake. Mimi sikuchaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa mwandiko. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwalimu wetu wa mwandiko alikuwa na fimbo ndefu, na hadi leo herufi zangu husimama wima kama askari wa gwaride, hata pale ninapoandika upuuzi.

Upuuzi mkubwa kuliko wote niliopata kuandika ni barua moja, na nakala yake ninayo kwenye daftari. Nimejaribu mara kadhaa kuichana. Kila nikiisoma tena naona mwandiko ulivyo mzuri, naiacha.

Bendi yenyewe ilikuwa mali ya chama cha ushirika. Wanamuziki walikuwa waajiriwa kama sisi wengine, wiki nzima wako kwenye mizani na marobota, Jumapili alasiri wanapiga dansi ukumbini. Mwimbaji wetu wa zamani alitoka Ukerewe. Alikuwa na sauti nyembamba ya juu, na akiifikisha kule juu, wanawake waliokuwa wakitandaza dagaa mwaloni, kando ya ziwa, walikuwa wakisimama na ungo mkononi. Huyo akaondoka. Alikwenda Dar es Salaam kwenye bendi yenye magitaa mapya, tena akamchukua na mpiga solo. Hakutuaga. Kwa haki lazima niseme hakuwa na wajibu wa kutuaga. Kati yetu saba hakuna aliyewahi kuzungumza naye isipokuwa fundi, aliyemshonea suruali.

Mahali pake akaletwa mtu kutoka Bukoba, mrefu, mpole, mwenye sauti nzito. Alishuka melini akiwa na sanduku moja, wiki ya pili akapelekwa Nairobi na wenzake kurekodi, na mwezi uliofuata santuri ikafika Mwanza. Upande mmoja ulikuwa wa mume anayemwomba mkewe radhi. Upande wa pili ulihusu kilimo, maana kila bendi ilipaswa kuwa na wimbo wa kilimo.

Sasa nieleze tulivyoisikiliza, kwa sababu hapo ndipo kesi yote ilipo.

Gramafoni ya fundi ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa adimu. Zikija duka la ushirika unapanga foleni tangu alfajiri, unapewa mbili, unaambiwa asante kwa uvumilivu. Kwa hiyo tulikuwa tunazianika. Jumamosi mchana kutwa betri za fundi zilikuwa juu ya bati, zimepangwa kama samaki, na Jumapili zinakuwa na nguvu ya kutosha santuri kadhaa. Na tulikuwa na utaratibu wetu, niliouandika mimi mwenyewe: tunaanza na za zamani, zote sita, kwa heshima ya aliyeondoka. Mpya itakuja mwisho.

Ikaja mwisho. Gitaa likaanza kana kwamba mpigaji amefiwa. Kisha mwimbaji mpya akafungua mdomo, na sauti ikatoka chini kabisa, ikijikokota.

Fundi akavua miwani.

“Huyu anaimba au anapiga miayo?”

“Labda anaumwa,” nikasema. Siku zote nimekuwa mtu wa haki.

“Anaumwa nini? Huyo ni ng'ombe aliyekwama matopeni. Katibu, andika.”

Mshona nyavu, ambaye alikuwa mmoja wetu na alikuwa hazungumzi sana, akasema kwamba yeye imemgusa. Tukamtazama. Akasema basi, yaishe.

Jumapili tatu tuliisikiliza, na Jumapili zote tatu ilikuwa ileile, ila ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Tukapitisha azimio kwa kunyoosha mikono: hatutakwenda dansini hadi mwimbaji abadilishwe, na redio ikiupiga wimbo huo, kila mwanachama atazima redio yake. Mimi nilitekeleza azimio hilo nyumbani kwangu kwa uaminifu mkubwa. Redio ikishatangaza tu jina la bendi, nazima. Mke wangu aliniuliza, “Sasa wewe umeujuaje ubaya wake, kama kila siku unaukata kabla haujaanza?” Nikamwambia haya ni mambo ya kikao.

Ndipo ofisa wa ushirika aliyesimamia bendi akatuma ujumbe. Mwimbaji mpya yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Washabiki watoe maoni yao kwa maandishi. Asipofaa atarudishwa kwao.

Sijui kama kuna mtu ambaye hajasoma sana aliyewahi kuombwa maoni yake kwa maandishi na ofisi asivimbe kichwa. Mimi nilivimba. Nilinunua karatasi yenye mistari. Nilitaka kuwa mwadilifu, kwa hiyo nilianza na sifa zake: kwamba tumesikia ni mtu wa heshima, na kwamba haijaripotiwa kuwa ni mlevi. Kisha nikaandika kwamba anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini ambaye bado anatafuta viatu. Maneno hayo ni yangu, si ya kikao. Kikao kilisema ng'ombe. Fundi alipoyasikia alicheka hadi akajichoma sindano, nami nikaona fahari ambayo sasa nikiikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Wote saba tukatia saini, hata mshona nyavu, aliyesema atatia kwa ajili ya umoja.

Barua ikaenda. Baada ya siku nne, betri zikaja dukani.

Aliyepanga foleni ni mke wangu. Alipata mbili, jirani zake wawili wakapata mbili mbili, wakakubaliana kuziazimisha kwa gramafoni Jumapili ile, kwa sharti kwamba na wao wasikilize. Kwa hiyo Jumapili hiyo kibaraza kilikuwa na wanawake watatu ambao hawakuwa wanachama na hawakuwa na habari na utaratibu wetu. Fundi alikuwa bado anatafuta santuri ya kwanza ya zamani.

“Weka hiyo mnayoigombania,” mke wangu akasema.

“Shemeji, hiyo inakuja mwisho.”

“Kwani betri za nani?”

Fundi akaiweka.

Gitaa likaruka. Sijui niseme vipi. Ngoma iliingia kama watu wanaokimbilia meli, na sauti ya yule bwana, ileile nzito, ikawa inatembea juu yake kwa raha, haina haraka wala haichelewi. Mume alikuwa anaomba radhi kweli, lakini anaomba akiwa amesimama mlangoni na kitoweo mkononi, ana matumaini ya kusamehewa. Jirani mmoja akaanza kutikisa mabega akiwa amekaa.

“Mashine imeharibika,” fundi akasema. “Inakimbia.”

Tukaweka ya zamani tupime. Ikapigwa kama tulivyoijua siku zote. Tukarudisha mpya, pande zote mbili. Vilevile, inaruka.

Mke wangu alitutazama mmoja mmoja. “Hizi za zamani mlikuwa mnazipiga ngapi kabla ya hii?”

“Sita,” nikasema.

“Kwa betri za kuanika.”

Fundi akainua macho kwenye bati.

“Ninyi wanaume,” akasema polepole, “mmemhukumu mtu kwa kosa la betri?”

Mshona nyavu peke yake alionekana ana huzuni ya aina nyingine. Alisema yeye aliipenda ilivyokuwa polepole, na hii ya sasa haimgusi kabisa. Nimeandika hilo kwa sababu ni haki yake.

Hapo ningependa kusema kwamba niliona mwanga mara moja. Hapana. Kwanza nilijitetea moyoni: barua ilisema tulichosikia, na tulichosikia tulikisikia. Halafu nikaketi na daftari na kujiuliza swali baya zaidi. Kama tungeanza na mpya, betri zikiwa na nguvu, ningeipenda? Nadhani ningetafuta kosa lingine. Ningesema inakimbia mno. Mimi nilitaka yule wa Ukerewe arudi, na kwa kuwa hangerudi nilitaka asikalie mtu kiti chake. Betri zilinisaidia tu kuwa na sababu.

Fundi alikataa kuifuta barua. “Azimio ni azimio. Tukibadilika leo, kesho nani atatuamini?” Nikamwambia mtu atarudishwa kwao na sanduku lake kwa sababu ya bati lako. Akasema bati halikutia saini. Basi Jumatatu nikaomba ruhusa ghalani nikaenda peke yangu, na njiani nilijaribu hotuba tatu, zote mbovu.

Ofisa alikuwa na barua yetu mezani. Na kwenye benchi, amekaa ameshika kofia yake magotini, alikuwa mtu mrefu. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua.

“Ndugu katibu,” ofisa akasema, “umefika wakati mzuri. Nilikuwa namsomea ndugu yetu maoni ya wananchi. Tumefika kwenye viatu.”

Nilisahau hotuba zote. Nikaeleza: betri, bati, santuri sita za heshima. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma mara nyingi. Ofisa alisikiliza kama mtu anayepewa hesabu isiyotoka.

“Ngoja. Dansini mmemwona mara ngapi?”

“Hatujamwona.”

“Hata mara moja? Kwa nini?”

“Kwa azimio.”

“Na redioni?”

“Tulizima.”

“Kwa azimio?”

“Kwa azimio, ndugu.”

Mwimbaji aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nilichelewa kutambua kwamba anacheka, tena anajizuia kwa heshima ya ofisi.

Ofisa hakucheka. Alisukuma karatasi na kalamu. “Keti hapo. Andika maoni mapya, yako mwenyewe, mbele yake. Na uandike ukweli, nisije nikaletewa ya tatu wiki ijayo.”

Nikaandika. Niliandika kwamba tulisikiliza kwa betri chovu, kosa ni letu. Niliandika kwamba wimbo wa radhi ni mzuri na mwimbaji anaumudu. Hapo ningeishia, mtu yeyote mwenye akili angeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeambiwa ukweli, na kwa kuwa nilikuwa nimemdhulumu mtu upande mmoja niliogopa kumpendelea upande mwingine, kwa hiyo nikaongeza kwamba ule wimbo wa kilimo, ubeti wake wa pili, wa kupalilia kwa wakati na kuchoma maotea, yale machipukizi ya mashina ya msimu uliopita, hauimbiki, na unaharibu wimbo ambao bila huo ungekuwa mzuri.

Ofisa alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye ubeti akasimama. Akasoma tena kimya.

“Hauimbiki,” akasema.

“Kwa maoni yangu, ndugu.”

“Ubeti huo,” ofisa akasema, “niliutunga mimi.”

Nilimtazama mwimbaji, maana maisha yake yalikuwa kwenye karatasi ile, nami ndiye niliyekuwa nimeyaharibu kwa mara ya pili ndani ya wiki moja, safari hii bila msaada wa betri. Yeye akakohoa kidogo.

“Mzee,” akamwambia ofisa kwa upole, “mimi naimudu mistari yote, isipokuwa maotea. Yananikwama kooni. Kama yangeondoka yale tu.”

Ofisa alichukua kalamu, akakata kitu kwenye karatasi yake, akaandika kitu kingine. Mwishowe alisema mwimbaji ataendelea. Ubeti utabaki, maotea yatatazamwa. Na sisi washabiki wote saba tutakuja dansini Jumapili tusimame mbele, tumwone mtu tunayemzungumzia. Nilimwomba barua ya kwanza nirudi nayo. Akaniambia kilichoingia kwenye faili hakitoki.

Nje, mwimbaji alivaa kofia. Nikamwambia pole.

“Bwana katibu,” akasema, “siku nne sijalala, tangu niliposikia barua yenu imefika. Nilikuwa najiuliza, mbona mimi nasikia naimba vizuri? Labda masikio yangu ndiyo mabovu.” Akanitazama. “Sasa unaonaje, mimi ni mwimbaji?”

Jibu lilikuwa rahisi, na alikuwa anastahili kulipata. Lakini nikasema, “Bado sijakuona ukiimba.”

Safari hii alicheka kwa sauti, watu wakageuka barabarani. “Haya. Njoo Jumapili.”

Tulikwenda, sita tukisimama mbele kama tulivyoamriwa. Fundi alisimama mlangoni amekunja mikono, akisema amekuja kutazama tu mishono ya sare za bendi. Umeme wa ukumbi haukuhitaji kuanikwa. Yule bwana aliimba macho yamefumba, mkono mmoja ukiwa mfukoni, na nilicheza mpaka mke wangu akaniambia niketi, nawaumiza watu miguu. Fundi mlangoni alikuwa anapiga wayo chini. Nilipomnyooshea kidole akaacha.

Jumatatu, kwenye mapumziko ya ghalani, nilifungua daftari nikaandika: Jana nimemwona. Ni mwimbaji mzuri. Nikasoma nilichoandika. Nikafikiri juu ya yule wa Ukerewe, juu ya mshona nyavu, na juu ya kupiga kwa umeme ambako pengine nako kuna kasoro zake nisizozijua. Nikaongeza: kwa maoni yangu, na kwa siku ya jana.