Mama Vifaranga na Mzee wa Swali Moja

Kituo cha kulelea biashara changa kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Mlezi wake alikuwa mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, na wajasiriamali walimbandika jina la Mama Vifaranga. Aliwapokea wakiwa hawana hata unyoya, akawafunika miezi kumi na miwili, kisha akawasukuma nje wakajitafutie punje. Sauti yake, mkitaka kujua, ilipita ukutani, ikashuka ngazi, ikatikisa vioo vya watu. Mwenye duka aliwahi kupanda juu kulalamika kwamba kioo chake kikubwa kimepasuka kwa neno moja tu, "Mteja!" Akakaa asikilize kidogo, na alipoondoka alikuwa ameshajiandikisha.

Zamani huyu mama naye alikuwa na karakana yake ya kushona mabegi. Alikuwa msiri, jamani! Akitaka kukata kitambaa alifunga madirisha, akaziba na tundu la kitasa kwa pamba. Mikanda ya mabegi yake ikawa inakatika njiani, watu wanaokota madaftari barabarani, naye hajui kisa. Karakana ikafa. Ndipo mumewe, ambaye hakuruhusiwa hata kuchungulia, akaokota uzi sakafuni akauvuta. Ukakatika kama tambi.

"Mke wangu, ungeniuliza hata mimi. Uzi umeoza."

Neno hilo lilimkaa rohoni miaka yote. Alipopewa kituo, sheria yake ya kwanza ikawa Jumatano ya Kumwaga. Kila Jumatano, saa nne asubuhi, mjasiriamali mmoja husimama mbele ya wenzake na kusema yote: malighafi anatoa wapi, nani anamuuzia, anachanganya nini na nini, mteja gani ndiye nguzo. Ukiumauma maneno, Mama Vifaranga anapiga meza.

"Mwaga! Mwaga mpaka tuone kitako cha gunia!"

Na tuseme haki, sheria ilisaidia wengi. Mpaka alipokuja yule mzee.

Alikuja mwanzoni mwa mwaka, mshauri wa kujitolea, mstaafu. Mstaafu wa wapi, hakuna aliyeuliza. Alikuwa msafi, mpole, shati limenyooka kama limepigwa pasi akiwa amelivaa. Ngazi za jengo lile zilipiga kelele hata akipita paka, lakini mzee akipanda, kimya. Unageuka tu, huyo hapo, kwenye kiti cha karibu na mlango. Chai hanywi. Kalamu hana. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza swali moja, lile lile kila wiki:

"Na huyo akikosekana, una mwingine?"

Mjasiriamali anajikuna kichwa. "Sina, mzee. Ni huyo huyo."

Naye anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa choo kilipo.

Mama Vifaranga alilipenda swali hilo kupita kiasi. Aliliandika ubaoni kwa wino mwekundu. "Mnaona wenzenu wanavyofikiri?"

Wiki tatu baada ya fundi sabuni kumwaga, mkamuaji wake wa mafuta akaacha kumuuzia. Mama Vifaranga akasema ni msimu. Kisha mshona viatu akakimbiwa na muuza ngozi wake. Akasema ni tamaa ya watu. Kisha muuza juisi akaambiwa chupa zimekwisha, na anaziona kwa macho yake zimepangwa mpaka darini. Hapo Mama Vifaranga akachukua kitambaa. Akalifuta lile swali ubaoni.

Jumanne moja fundi sabuni akaja kuchukua sufuria zake.

"Usikate tamaa, mwanangu. Utapata mkamuaji mwingine."

"Nilimpata, mama. Naye kanunuliwa mafuta yote. Sasa nimepewa kazi ya kukoroga. Sabuni ile ile yangu, kwa kipimo kile kile nilichokisema hapa. Nimepewa na aproni."

"Umepewa na nani?"

Fundi akakitazama kile kiti cha karibu na mlango. Hakuwepo mtu, lakini alipunguza sauti.

"Kwani mzee wako hajakuambia?"

Mama Vifaranga akakimbilia orodha ya zamu ukutani. Maana kesho yake, Jumatano, zamu ya kumwaga ilikuwa ya mdogo wake, kitindamimba wao, tumbo moja.

Huyo mdogo mtu alikuwa mfua mashuka hospitalini, kazi ya miaka kumi na minne. Ni dada yake aliyemsumbua mpaka akaiacha, aanzishe biashara ya mito ya viti vya magurudumu, ile inayomzuia mgonjwa asipate vidonda kwa kukaa. Mito yake ilisifiwa. Lakini siri yake yote ilikuwa sponji: lazima iwe ngumu ya aina moja, nayo ilipatikana kwa mtunza stoo mmoja tu wa kiwanda cha magodoro, aliyemuuzia mabaki. Mtunza stoo huyo akiondoka, hakuna mto, na kule hospitalini nafasi yake ilishazibwa.

Mama Vifaranga akampigia simu mdogo wake mchana ule ule.

"Kesho usiseme sponji unatoa wapi."

Mdogo wake akacheka mpaka akakohoa. "Makubwa! Ni Mama Vifaranga huyu, au nimekosea namba? Si wewe uliyenifokea mbele za watu kwa kuficha muuza zipu?"

"Nakuomba, mdogo wangu."

Kicheko kikakatika. Katika maisha yao yote hakuwahi kusikia dada yake akiomba.

"Haya, dada. Nitamwaga nusu."

Jumatano Mama Vifaranga alisimama juu ya ngazi tangu saa tatu, mikono kiunoni, ameziba njia yote. Na kuziba njia alikuwa anaweza. Hata hivyo hakumsikia mzee akipanda. Alimwona tu, ngazi mbili chini yake, shati jeupe pe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo hatupokei wageni."

"Mimi tena nimekuwa mgeni?"

"Leo ni mgeni."

Mzee hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama daktari mwenye majibu mfukoni.

"Hakuna neno. Nilipita kuaga tu."

Akashuka. Mama Vifaranga akaingia ukumbini, jasho linamtiririka. Mdogo wake alikuwa mbele, mto kifuani.

"Mzee yuko wapi?"

"Nimemfukuza."

"Umemfukuza! Dada, una nini? Si yeye aliyenifanyisha mazoezi?"

"Mazoezi gani?"

"Uliwagawa washauri mwenyewe mwezi uliopita, mimi ukanipa yeye. Jumapili alikuja nyumbani, akakaa sebuleni saa mbili nzima. Nilimwaga mpaka kitako cha gunia. Ungekuwepo ungenisifu."

 Muuza juisi akaangalia viatu vyake.

Hawakungoja lifti ya mtu. Walikwenda kiwandani kwa miguu, Mama Vifaranga mbele, anahema kama mvukuto. Mtunza stoo aliwaona kwa mbali, akatoka getini kabla hawajafika, asiwakaribishe ndani. Nyuma yake stoo ilikuwa wazi, imefagiwa, haina hata chengachenga ya sponji.

"Dada zangu, mabaki yamepata mwenyewe. Yote, kuanzia jana. Nimetia sahihi, sina la kufanya."

Mdogo mtu alikuwa bado ameukumbatia ule mto.

"Nina wagonjwa ishirini wanangoja."

"Anawajua. Mmoja mmoja." Mtunza stoo akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. "Ameacha na hii. Anahitaji mshonaji anayeijua kazi. Ni kuanzia Jumatatu."

Mdogo wake akaisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Dada, niende?"

Mama Vifaranga aliitazama ile karatasi. 

Alingoja mdogo wake aichane ile karatasi. Mdogo wake akaikunja, taratibu, kwa mikunjo ile ile aliyoikuta nayo, akaitia kwenye pochi, na kufunga zipu.